RAM imeisha kweli? Dhana potofu kuhusu mashine pepe kwenye Linux

Dhana: Ukiona "Cannot allocate memory", RAM ya seva mwenyeji (kompyuta halisi inayobeba mashine pepe) imeisha.

Ukweli: Ujumbe huo unasema ombi limekataliwa, basi. Sababu haitaji. Niliwahi kukaa na seva ambayo amri ya `free -h`, inayoonyesha hali ya RAM, ilionyesha GiB 40 zinapatikana, lakini mashine pepe ya GiB 16 iligoma kuwaka. Kumbe ilipangiwa kutumia kurasa kubwa (hugepages, vipande vikubwa vya kumbukumbu) za MiB 2, yaani ilihitaji kurasa 8192. Ndani ya `/proc/meminfo`, faili ambamo kerneli (kiini cha Linux) huonyesha hali ya kumbukumbu, mstari wa HugePages_Free ulisoma 8100. Zilipungua 92 tu! RAM ya kawaida haiwezi kuziba pengo hilo, kwa kuwa kurasa kubwa hutengwa kando. Vivyo hivyo, zilizotengwa zikikaa bure, programu za kawaida haziwezi kuzigusa. Ukiongeza `vm.nr_hugepages` (mpangilio wa idadi ya kurasa kubwa), rudi usome HugePages_Total: seva iliyowaka muda mrefu huwa na kumbukumbu iliyokatikakatika, na kerneli inaweza kukupa pungufu ya ulichoomba bila kulalamika.

Dhana: Safu ya "free" kwenye `free -h` ikiwa ndogo, hali ni mbaya.

Ukweli: Tazama "available". Kerneli hutumia RAM iliyobaki kuhifadhi mafaili yaliyosomwa, na huiachia ikihitajika.

Dhana: Mashine pepe ya GiB 8 humega GiB 8 za mwenyeji mara inapowaka.

Ukweli: Kwa KVM (sehemu ya Linux ya kuendesha mashine pepe), RAM ya mgeni, yaani mashine pepe, ni kumbukumbu ya mchakato wa QEMU, programu inayoiendesha, na kwa kawaida hujazwa ukurasa kwa ukurasa mgeni anapouandikia. Ndiyo maana wageni wengi huwaka bila shida hata jumla yao ikizidi RAM iliyopo. Shida huja kazi zikipamba moto. Isitoshe, mgeni akifunga programu zake, kumbukumbu hairudi kwa mwenyeji yenyewe; kwa kawaida inahitaji kidhibiti cha puto, virtio_balloon. Ila ukimkabidhi mgeni kadi ya PCI (kama ya mtandao au ya picha) moja kwa moja, RAM yote ya mgeni hufungwa tangu mwanzo.

Dhana: Mashine pepe ikizimika ghafla, kosa litafutwe ndani yake.

Ukweli: Anza na `dmesg` (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli) ya mwenyeji, utafute "Out of memory: Killed process". Kerneli ikibanwa huua mchakato wenye alama kubwa, na alama hupanda kadiri mchakato unavyotumia kumbukumbu. Mara nyingi huo ni QEMU. Kumbukumbu za matukio (logi) za mgeni zitakuwa zimekatika katikati, bila dalili yoyote ya kuzimwa.