Mashine inajipiga yenyewe? Dhana potofu za waombaji wa kozi ya radiolojia

Dirisha la maombi ya vyuo vya afya likifunguliwa, simu zinazonijia huwa na wimbo mmoja. Mzazi anaanza kwa salamu ndefu, anauliza habari za kazi na za nyumbani, kisha analeta shida yake: "Mwanangu ana B ya Biolojia na C ya Kemia. Fizikia ndiyo imemkataa, lakini si kitu, maana kazi ya eksirei ni kumpanga mgonjwa na kubonyeza. Mashine inajipiga yenyewe." Nimeyasikia haya kwa wazazi, kwa walimu wa sekondari, na inayouma zaidi, kwa wahudumu wa afya tunaofanya nao kazi jengo moja. Nimechoka kuyajibu kwenye simu, kwa hiyo nayaandika.

"Fizikia imemkataa, lakini si kitu"

Ni kitu, tena kikubwa. Tuanze na maombi yenyewe. Kitabu cha mwongozo cha NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, kinataja masomo ya sayansi yanayotakiwa kwa diploma ya radiolojia, na Fizikia imo. Mwombaji anaingiza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na matokeo yanakuja yalivyo. Hakuna kisanduku cha kueleza kwamba mwalimu wa Fizikia alihama mlipofika kidato cha tatu. Na kufikisha sifa za chini hakumaanishi umepata nafasi. Nafasi za kozi hii ni chache kwa sababu mwanafunzi hafundishwi na ubao peke yake. Anahitaji chumba cha eksirei chenye wagonjwa na mtu wa kumsimamia, na vyumba vya namna hiyo havijengwi kwa kasi ya madarasa. Kwa hiyo mwenye D tatu za kubanabana anashindana na mwenye B, na anayechagua haoni huruma, anaona herufi.

Ila hayo ya maombi siyo yanayonikera. Kinachonikera ni lile wazo kwamba Fizikia ni kikwazo cha mlangoni, ukishakiruka umemalizana nacho. Wilhelm Röntgen, aliyegundua miale hii Novemba 1895, hakuwa daktari. Alikuwa mwanafizikia, na tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1901 ni ya Fizikia. Tangu siku hiyo hadi leo kazi yetu ni Fizikia inayofanywa juu ya mwili wa mtu.

Chukua picha ya kifua, kipimo tunachopiga kuliko vyote. Kwenye chumba cha eksirei mgonjwa anaegemeza kifua kwenye detekta, yaani bamba linalopokea picha, miale inatokea mgongoni, na tyubu inayotoa miale ipo umbali wa sentimita 180. Kwa nini umbali wote huo, na kwa nini kifua ndicho kitangulie? Kwa sababu moyo uko upande wa mbele. Ukiusogeza karibu na detekta na kuiweka tyubu mbali, kivuli chake kinakaribia ukubwa wake halisi. Sasa nenda wodini kwa mgonjwa asiyeweza kusimama. Detekta iko mgongoni, tyubu iko mbele, umbali pengine ni sentimita 100. Moyo uleule unatoka mkubwa. Radiografa, yaani mpiga eksirei, asipoandika kwenye picha kwamba imepigwa kitandani kutokea mbele, kuna daktari mchovu saa nane za usiku ataandika kwamba moyo umepanuka, na mgonjwa ataanza kutibiwa ugonjwa wa kwenye kivuli. Hapo hapahitaji kitufe, panahitaji mtu anayeelewa jiometri ya miale.

Kuna hesabu pia. Kiganja cha mkono kinataka kama kilovolti 55 (msukumo wa umeme unaoipa miale nguvu ya kupenya), kifua cha mtu mzima mara nyingi 110 hadi 125. Ukipandisha kilovolti kwa asilimia 15, athari kwenye picha inakaribia ile ya kuzidisha miliampea-sekunde, yaani wingi wa miale, mara mbili. Kwa hiyo kutoka 70 unakwenda kama 80, siyo 140. Mwanafunzi asiyeweza kupata asilimia 15 ya 70 kichwani, mgonjwa akiwa ameshikilia pumzi, atabahatisha, na bahati yake analipa mgonjwa.

"Lakini siku hizi mashine ni za kidijitali." Najua. Na hapo ndipo hatari ilipojificha. Enzi za filamu ukizidisha mionzi picha ilitoka nyeusi tii, kila mtu akaiona, ukarudia kwa aibu. Mfumo wa kidijitali unarekebisha mwangaza wenyewe. Ukimpiga mtoto kwa mionzi mara tatu ya inayotakiwa, picha inatoka safi, tena safi kuliko ya mwenzako aliyepiga sawasawa. Utasifiwa. Kosa limeingia mwilini mwa yule mtoto na hakuna aliyeliona, isipokuwa namba ndogo pembeni ya skrini inayoonyesha kiasi cha mionzi kilichofika kwenye detekta. Asiyejua Fizikia haiangalii namba hiyo, kwa sababu haimwambii chochote.

Basi ushauri wangu ni uleule ninaoutoa kila mwaka, na najua haupendwi: kama Fizikia ni F, rudia mtihani. Usirisiti Biolojia ili C iwe B huku F imekaa pale pale, kama nilivyoona wengi wakifanya. Tafuta tuisheni ya Fizikia, anza na mawimbi, umeme na mionzi. Na kama unataka kujua kama kazi hii inakufaa, fanya jaribio dogo usiku wa leo. Washa tochi ya simu, simama nusu mita kutoka ukutani, kisha rudi nyuma hadi mita moja. Eneo lenye mwanga limekuwa kubwa mara nne, na kila sehemu inapata robo ya mwanga wa mwanzo. Hiyo ndiyo sababu radiografa anayepiga eksirei wodini anarudi nyuma mita mbili au zaidi kabla hajabonyeza. Ukijikuta umesisimka, lete maombi. Ukijikuta unauliza "itakuja kwenye mtihani?", kuna kozi nyingine nzuri.

"Mionzi itamfanya binti yangu asizae"

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na nalijibu kwa upole zaidi kwa sababu hofu yake ni ya kweli hata kama hesabu yake si sahihi. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisivati (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka. Radiografa wa vipimo vya kawaida anayesimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi kwa kawaida hafikishi hata robo yake. Ili mwanamke awe tasa moja kwa moja, ovari zinahitaji kupigwa dozi ya 2,500 hadi 6,000 kwa kipimo kinacholingana na milisivati, tena kwa mkupuo mmoja. Kwa mwanamume ni 3,500 hadi 6,000 kwenye korodani. Hizo ni dozi za tiba ya saratani, si za chumba cha eksirei. Na dozi zetu hazikisiwi: kila mmoja anavaa beji ya kupimia mionzi, na beji zinasomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC.

Mimba ni suala jingine na lina utaratibu wake. Ukijua una mimba, mwambie msimamizi siku hiyohiyo, usisubiri tumbo lionekane. Mtoto aliye tumboni hatakiwi kuzidisha milisivati 1 kwa muda wote wa mimba uliobaki, kwa hiyo unapangiwa upya majukumu, mara nyingi unaondolewa kwenye vipimo vya mionzi ya mfululizo na vya chumba cha upasuaji. Altrasaundi na MRI (kipimo cha sumaku) hazitumii mionzi ya aina hii kabisa. Nimefanya kazi na akina mama wenye watoto wanne.

"Nikimaliza nitakuwa daktari wa picha"

Hapana. Radiografa anapiga picha. Anayeisoma na kuandika majibu ni daktari bingwa wa radiolojia, ambaye amesoma udaktari miaka mitano, akafanya mwaka wa mafunzo kwa vitendo, kisha miaka mitatu ya ubingwa. Ukitaka hiyo, njia yake ni PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita) na shahada ya udaktari. Usije kwetu ukidhani ni njia ya mkato, utakuwa na kinyongo hadi kustaafu.

"Diploma ni ya waliofeli, bora shahada au basi"

Wanaosema hivi hawajawahi kukaa zamu ya usiku ya hospitali ya wilaya. Diploma ni miaka mitatu, ngazi ya NTA (tuzo za ufundi za taifa) 4 hadi 6, na mwenye nayo anaweza kuomba shahada baadaye kwa namba ya uhakiki wa tuzo, AVN. Kidato cha sita wenye PCB wanaweza kwenda moja kwa moja, kwa mfano Bugando au Muhimbili. Kwa maoni yangu, waliopitia diploma kwanza hufika shahada wakiwa na mikono myepesi zaidi. Wenzangu wa shahada hawakubali, na tutaendelea kubishana.

"Kuna mtu wa ndani atanisaidia"

Anakula hela yako. Hana C ya kukuongezea.

"Chuo ni chuo, mradi kina koti jeupe"

Hakikisha kwanza kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, na kwamba kozi ya radiolojia yenyewe imeidhinishwa, maana chuo kinaweza kuwa halali kwa uuguzi au famasia na radiolojia ikawa kwenye bango tu. Ukimaliza utahitaji kusajiliwa na baraza la taaluma yetu kabla hujamgusa mgonjwa, na ile kozi fupi ya altrasaundi ya miezi mitatu inayotangazwa kwenye nguzo za umeme haikufikishi huko. Kisha mpigie simu msajili wa chuo umuulize maswali mawili: wanafunzi wenu wanafanya mazoezi hospitali gani, na chumba cha eksirei cha hospitali hiyo kinahudumia wagonjwa wangapi kwa siku? Akijibu la kwanza na kubabaika la pili, peleka chaguo lako kwingine.