Kangaga haina mbegu, na bado imetutangulia juu ya lava

Hapa Goma, penye lava iliyomwagwa na volkeno Nyiragongo Januari 2002 na ambayo haijajengwa bado, mimea ya kwanza utakayoikuta kwenye nyufa ni kangaga. (Ile kijivu iliyotangulia kufunika mawe ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Si mmea, tuiache.) Wanafunzi huniuliza: "Mwalimu, mbegu yake iko wapi?" Haipo.

Geuza jani lililokomaa. Chini yake kuna madoa ya kahawia ambayo wengi hudhani ni ugonjwa. Kila doa ni fungu la vifuko vidogo sana, na kila kifuko kina mshipi wa seli nene. Jua likikausha mshipi huo, unajikunja kinyumenyume na kukipasua kifuko, kisha unafyatuka ghafla na kurusha spora, yaani chembe za kuzalia. Laza jani hilo juu ya karatasi nyeupe ndani ya nyumba pakavu, na kesho yake utakuta unga wa kahawia.

Spora ni seli moja tu, nyingi hazifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Ndiyo maana upepo unazifikisha popote. Ila spora haioti ikawa kangaga moja kwa moja, na hapa ndipo wengi hupotea. Ikiangukia penye unyevu, hutoa kwanza kijani (kitu kama jani dogo) chembamba chenye umbo la moyo, kwa kawaida kisichozidi sentimita moja, kilichoshika jiwe kwa vinyweleo. Upande wake wa chini ndiko zinakotoka mbegu za kiume na yai. Mbegu za kiume zina mikia, huogelea. Bila utando wa maji juu ya jiwe haziendi popote, na kangaga haizaliwi. Lava yetu ina vitundu vinavyotunza maji ya mvua, hasa ndani ya nyufa zenye kivuli. Huo unyevu mdogo unatosha.

Linganisha na mmea wenye mbegu: maharage yamefunga ndoa mapema, ndani ya ua, kwa mama yake. Chavua ikitua hutoa mrija unaofikisha mbegu ya kiume kwenye yai, hakuna kuogelea. Punje inapoiva ina mtoto tayari, akiba ya chakula na ganda, nayo hungoja mvua ndani ya gunia. Lakini ni nzito, na juu ya lava tupu itachipua, imalize akiba, ife. Inahitaji udongo, na udongo wa kwanza katika nyufa hizo hutokana pia na majani ya kangaga yaliyooza. Kwa hiyo nawasihi mnaosafisha parseli (viwanja): kangaga za kwenye kuta za mawe msizing'oe zote.

Mvua zikirudi Septemba, chunguza upande wa ukuta usiopigwa na jua, ukikuza picha kwa simu. Ukiona kijani cha umbo la moyo kina jani jipya linalochomoza karibu na pengo lake, yai limeshapata mbegu ya kiume.