Adui wa kwenye filamu na kijana wa sindano ya mwezi

Kwenye vibanda umiza vya Mwanjelwa filamu huwa na steringi na adui, basi. Joker, filamu ya Todd Phillips ya mwaka 2019, iliwachanganya vijana niliokaa nao, kwa sababu steringi ndiye huyohuyo adui: Arthur Fleck, maskini anayemuuguza mama yake na kucheka hata asipotaka. "Chizi huyu," akasema mmoja nyuma yangu.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mbeya, na kicheko kile nakijua. Ubongo ukiumia, kwa kipigo au kiharusi, mtu anaweza kucheka au kulia bila furaha wala huzuni. Filamu inadokeza kwamba Arthur aliumizwa kichwa utotoni. Hapo wametenda haki.

Wametenda haki zaidi pale ofisini. Afisa ustawi wa jamii anamwambia fedha zimekatwa, ofisi inafungwa. Arthur, mwenye dawa saba, anauliza sasa atazipata wapi. Nikamkumbuka mama mmoja kutoka upande wa Chunya. Mwanawe alikuwa akichomwa sindano ya ugonjwa wa akili kila mwezi kituo cha karibu na kwao, akapata nafuu, akarudi shambani. Dawa ikaisha kituoni. Njooni wiki ijayo, wakaambiwa, hadi miezi mitatu ikapita. Nauli ya kuja mjini hawakuwa nayo.

Ninachokikataa ni kinachofuata. Arthur anawaambia wenzake kwamba ameacha dawa na anajisikia vizuri, kisha palepale anaua, na baadaye anateremka ngazi akicheza. Alishaua hata kabla huduma haijafungwa, lakini mtazamaji anaondoka na picha ya ngazi: ugonjwa ukiachiwa, mtu anakuwa muuaji, tena muuaji mwenye raha.

Kwa yule kijana haikuwa hivyo. Sindano ile hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mwanzoni nyumbani hawakuona kitu. Kilichotangulia kupotea ni usingizi. Kisha akaanza kujibizana na sauti ambazo mtu mwingine hazisikii, akakataa ugali wa mama yake akidai una sumu, akaondoka usiku. Walimkuta mnadani, watu wamempiga wakimdhania mwizi. Aliletwa kwetu mikono imefungwa kamba, vifundo vimechubuka.

Sisemi hatari haipo. Huongezeka kidogo mtu asipotibiwa, hasa pombe au bangi ikiingia. Lakini wagonjwa wetu hupigwa na kudhulumiwa mara nyingi kuliko wanavyomdhuru mtu, na hilo sijaliona likipewa nafasi kwenye filamu za maadui.

Nilimwambia yule mama, na namwambia kila anayeuguza: hesabu usiku. Mgonjwa asipolala siku mbili tatu mfululizo, usisubiri aanze kuongea peke yake. Mlete wakati bado anakubali kupanda gari mwenyewe.