Kongosho inafanya kazi gani kwenye umeng'enyaji wa chakula?

Ukimuuliza mtu kongosho kazi yake nini, wengi watakwambia insulini, sukari, basi. Ni kweli, ila zile seli za homoni kama insulini ni kama asilimia 2 tu ya kongosho nzima, karibu yote iliyobaki kazi yake ni chakula, inatengeneza juisi ya kumeng'enya ulichokula, na hii kazi haitajwi mpaka mtu aumwe.

Iko nyuma ya tumbo, imelala kwa upande, urefu kama sentimita 15, kichwa kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mwembamba na mkia unafika kwenye bandama huko kushoto. Iko ndani sana karibu na mgongo, ndo maana ikiuma maumivu yanaanzia chembe ya moyo yanatokea mgongoni.

Sasa chukua sahani ya wali wa nazi, maharage na samaki wa kukaanga. Mate yanaanza kuvunja wanga mdomoni lakini chakula kikifika tumboni kinakutana na asidi kali na ile kazi ya mate inakatika, tumbo linasaga, linagusa protini kidogo, halafu linaachia huo uji kidogo kidogo uingie utumbo mwembamba ukiwa na asidi yake yote. Utumbo ukihisi asidi unatoa homoni inaitwa sekretini, inapita kwenye damu mpaka kwenye kongosho, na kongosho inamwaga maji yenye baikaboneti ya kuizima asidi. Hili waligundua wanasayansi wawili, Bayliss na Starling, London mwaka 1902, walikata mishipa ya fahamu inayoenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, wakaweka asidi pale, na kongosho ikatoa juisi vilevile, kwa hiyo ujumbe ulikuwa umepita kwenye damu. Mimi naona ni moja ya majaribio mazuri kabisa kwenye historia ya tiba, na neno homoni lenyewe lilikuja baadaye, 1905.

Kwa siku inatoka zaidi ya lita 1 ya hiyo juisi, na ndani yake kuna vimeng'enya. Amilesi inamalizia wanga wa wali, lipesi inavunja mafuta ya nazi na ya samaki ikisaidiwa na nyongo kutoka kwenye ini, tripsini na wenzake wanavunja protini ya maharage na samaki. Tripsini ndio ya kuangalia vizuri, kwa sababu inakula protini na kongosho yenyewe ni nyama, kwa hiyo inatoka ikiwa imelala, haijawa kali, mpaka ifike kwenye utumbo ambako kuna kimeng'enya kingine ukutani kinaiamsha.

Ikiamka mapema ikiwa bado ndani, kongosho inaanza kujimeng'enya yenyewe, mtu anapata maumivu makali ya ghafla na kutapika, na hiyo ni ya kukimbizwa hospitali sio ya kusubiri asubuhi. Sababu kubwa ni mbili, pombe nyingi na mawe ya nyongo, maana mrija wa kongosho na wa nyongo kwa kawaida vinatokea sehemu moja, jiwe likikwama pale njia inaziba.

Kuna na kongosho inayoharibika taratibu, miaka na miaka, na hapa ndo watu wanateseka sana wakijitibu vidonda vya tumbo kwa dawa za duka la dawa. Vimeng'enya vikipungua sana mafuta hayavunjwi, mtu anakula vizuri ila anakonda, choo kinakuwa kingi, kina mng'ao wa mafuta, kinanuka sana na kinaelea hata ukimwaga maji, vitamini A, D, E na K nazo zinapungua kwa sababu zinasafiri na mafuta. Ukiona hivyo mwambie daktari wazi, usione aibu kuelezea choo chako.

Dawa ipo, vidonge vya vimeng'enya, vingi vinatokana na kongosho ya nguruwe, kwa hiyo Muislamu aongee na daktari wake kabla, asiache tu kimyakimya. Na vinamezwa pamoja na chakula, unapoanza kula na katikati kama ni mlo mkubwa, ukimeza tumbo likiwa tupu vinapita bila kukutana na chakula.