Nani anamsomea mwakilishi wadi bajeti ya kaunti?

Kila mwaka, kufikia tarehe 28 Februari, hazina ya kila kaunti nchini Kenya hutakiwa kisheria kuwasilisha katika bunge la kaunti taarifa ya mkakati wa fedha: waraka unaoeleza kaunti inatarajia kupata kiasi gani, na kila idara itengewe fungu gani katika mwaka wa fedha unaofuata. Tangu waraka huo ufike, bunge la kaunti lina siku 14 za kuujadili. Waliouandika ni wachumi na wahasibu waliokaa nao kwa muda mrefu. Anayeupokea ni mwakilishi wadi, mjumbe wa wadi yake katika bunge hilo: huenda ni mwalimu mstaafu, mfanyabiashara wa mifugo au kijana aliyechaguliwa kwa mara ya kwanza, na katika siku hizohizo ana mazishi, harambee na wapiga kura waliojipanga mlangoni kwake tangu alfajiri. Nani atamsaidia kuusoma?

Kazi hiyo ni ya maktaba na utafiti wa bunge. Wananchi huwaona waheshimiwa ukumbini na humwona Spika akiingia na siwa ikitangulia. Watu wa maktaba na utafiti hawaonekani, na ndiyo maana naandika habari zao. Mimi hufanya kazi katika fani hii, na ninaamini kwa dhati kwamba bunge linalotegemea serikali ya kaunti kwa kila takwimu haliwezi kuisimamia serikali hiyo. Kifungu cha 185 cha Katiba ya Kenya kimelipa bunge la kaunti mamlaka ya kutunga sheria na kuichunguza kamati tendaji, yaani gavana, naibu wake na mawaziri wa kaunti. Kifungu cha 195 kimelipa bunge hilo na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, na kulazimisha mashahidi kufika kama inavyofanya Mahakama Kuu. Lakini ukimwita waziri wa kaunti ukiwa huna karatasi nyingine mkononi ila ile aliyokuletea yeye, utamuuliza nini?

Swali hilo si geni. Mwaka 1901, jimbo la Wisconsin nchini Marekani lilimwajiri Charles McCarthy kutunza nyaraka katika jengo la bunge mjini Madison. Yeye hakungoja wabunge waje kuazima vitabu. Alikusanya sheria za majimbo mengine, hukumu, ripoti na vipande vya magazeti, akavipanga kwa mada, ili mbunge aliyeuliza kuhusu reli au fidia ya wafanyakazi apate jibu kabla mjadala haujaanza. Wapinzani waliiita ofisi yake kiwanda cha miswada. Emanuel Philipp aliwania ugavana mwaka 1914 akitaka ifungwe, ila alipokalia kiti aliiacha iendelee. Mwaka huohuo wa 1914, Bunge la taifa jijini Washington lilianzisha huduma ya namna hiyo ndani ya maktaba yake. Jimbo ndilo lililolifunza taifa. Kwetu mambo yalikwenda kinyume: Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilianzishwa Nairobi mwaka 2007, na mabunge 47 ya kaunti yalipozaliwa mwaka 2013 mengi yalianza kujenga maktaba na ofisi za utafiti kutoka sifuri.

Turudi kwenye zile siku 14. Mtafiti mzoefu hauanzi waraka kwa ukurasa wa kwanza. Huenda moja kwa moja kwenye mapato ya ndani: ada za maegesho, ada za soko, leseni za biashara, kodi ya ardhi, malipo ya hospitali. Hulinganisha makadirio ya mwaka ujao na fedha zilizokusanywa kweli miaka iliyopita, ambazo zimo katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ofisi huru inayosimamia utekelezaji wa bajeti za serikali, zinazotoka kila robo ya mwaka. Tuseme kaunti imekuwa ikikusanya nusu tu ya inachokadiria, na mwaka huu imekadiria zaidi. Bajeti itagawa fedha zote, pamoja na zile ambazo hazitaingia. Zabuni zitatolewa, barabara itachongwa, msambazaji ataleta dawa hospitalini, kisha Juni itafika na akaunti haina kitu. Malimbikizo ya madeni tunayoyasoma magazetini, yale yaliyowafilisi wakandarasi wadogo, yana sababu kadhaa, lakini makadirio yaliyotiwa chumvi ni mojawapo ya kubwa. Yanaweza kukamatwa Februari na mtu mmoja mwenye meza na ripoti za miaka mitatu.

Baada ya hapo hutazama viwango viwili vya kisheria: angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo katika kipindi cha muda wa kati, na mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato. Kisha huja ombi ambalo kila mtafiti analijua, la mheshimiwa anayetaka barabara ya wadi yake iongezewe fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inadai kwamba nyongeza mahali pamoja ilinganishwe na punguzo mahali pengine. Mtafiti anayejua kazi yake hasemi haiwezekani, wala hasemi ndiyo. Anamwonyesha mheshimiwa fungu linaloweza kupunguzwa, na anamwambia wazi ni nani atakayeumia likipunguzwa. Uamuzi ni wa mheshimiwa.

Yote hayo yanapaswa kuingia katika kurasa mbili. Taarifa ya kurasa 20 inayofika siku moja baada ya kura haina faida kwa mtu yeyote, hata kama imeandikwa kwa ufundi.

Katika miswada, kazi inabadilika kidogo. Chukua mwakilishi anayetaka kaunti itoze kodi malori ya mchanga yanayoharibu barabara za wadi yake. Kilio chake ni cha haki. Lakini Kifungu cha 209 cha Katiba kimezipa kaunti kodi mbili tu kwa majina, ya mali isiyohamishika na ya burudani, pamoja na kodi nyingine yoyote itakayoidhinishwa na sheria ya Bunge. Zaidi ya hapo, kaunti inaweza kutoza ada kwa huduma inazotoa. Basi mtafiti atauliza: huduma gani itatolewa kwa mwenye lori? Kaunti nyingine zimeandikaje sheria zao, na mahakama zimesemaje zilipopingwa? Sheria za kaunti na hukumu hupatikana bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, kwa hiyo nusu ya jibu inaweza kupatikana siku hiyohiyo.

Kuna pia ushirikishaji wa umma, ambao bado wapo wanaouona kama utaratibu wa kutia alama tu. Aprili 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alitaja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio, zikiwemo za lugha za kienyeji, kuwa njia ambazo kaunti inapaswa kuzitumia kuwafikia watu wake. Naiona hukumu hiyo kuwa hati ambayo kila mwakilishi mpya angepewa siku ya kuapishwa, pamoja na Kanuni za Kudumu zinazoongoza vikao vya bunge.

Kuhusu maktaba yenyewe, wengi hudhani ni rafu za vitabu. Vitabu vipo, ila uhai wake ni Gazeti Rasmi la Serikali, miswada, ripoti za kamati, Hansadi (kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge), ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na matokeo ya sensa ya 2019. Mwakilishi akidai wadi yake haina madarasa ya kutosha ya chekechea, jambo lililo chini ya kaunti, sensa humpa idadi ya watu hadi ngazi ya kata ndogo, na hoja yake inaacha kuwa malalamiko. Kuna urithi mwingine ninaouhofia: sheria ndogo, ramani na kumbukumbu za mikutano za halmashauri za zamani, zilizovunjwa ugatuzi ulipoanza. Humo mna majibu ya migogoro ya viwanja vya masoko, stendi na makaburi inayofika mbele ya kamati leo. Karatasi hizo zikioza ghalani, au mchwa wakizitangulia, hakuna kompyuta itakayozirudisha. Kaunti ambayo haijaziorodhesha na kuzipiga picha ianze sasa.

Mtafiti wa bunge hana chama. Kiongozi wa walio wengi na kiongozi wa walio wachache wakiuliza swali moja, hupata takwimu zilezile, na hakuna kati yao anayeambiwa kwamba mwenzake aliuliza. Siri hiyo ndiyo inayomfanya mheshimiwa aje kuuliza jambo asilolijua bila kuogopa kuchekwa. Ikivuja mara moja, hatarudi, na badala yake atamuuliza mkandarasi au msaidizi wa gavana, ambao watamjibu kwa furaha.

Ndiyo maana nasikitika nikiona mtafiti amegeuzwa mwandishi wa hotuba za mazishi, au nafasi yake amepewa jamaa wa mtu asiyejua kusoma jedwali. Bunge la Nairobi lina wadi 85 na la Lamu lina wadi 10, lakini nyaraka za bajeti zinazotakiwa kisheria ni zilezile na tarehe ni zilezile. Bunge dogo haliwezi kusema kwamba halihitaji mtafiti kwa kuwa wajumbe ni wachache. Bodi ya huduma za bunge la kaunti ndiyo inayoajiri, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha mara kwa mara fedha nyingi za mabunge zikiishia kwenye safari. Mshahara wa mchumi mmoja wa kudumu ni mdogo kuliko gharama ya safari chache za kamati nje ya nchi.

Wewe mwananchi pia una njia ya kuifikia meza hii. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi bungeni, na ombi likipelekwa kwenye kamati, mara nyingi mtafiti ndiye anayekagua madai yako dhidi ya kumbukumbu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma iamue ombi lako la habari ndani ya siku 21. Na ukialikwa kutoa maoni kuhusu bajeti, usiishie kusema kwa mdomo. Andika wadi yako, jina la mradi, namba ya ukurasa wa makadirio na kiasi unachokipinga au kukiunga mkono, kisha uwasilishe nakala kwa ofisi ya karani wa bunge na ubaki na moja iliyogongwa muhuri. Maoni yenye namba ya ukurasa ni rahisi kuingizwa kwenye jedwali la kamati.