Je, mbwa wa kwenye filamu huumizwa kweli?

Wapenzi wengi wa mbwa huamini kwamba mbwa akipigwa kwenye filamu, basi kapigwa kweli. Kwa kawaida sivyo. Kilio huongezwa baadaye studio. Kuchechemea hufundishwa kwa vipande vya nyama. Mzoga mara nyingi ni mwanasesere. Zima sauti, tazama mkia na masikio: huenda utamwona anamkodolea macho mwalimu wake aliye nje ya picha.

Filamu za zamani ni habari nyingine. Hollywood ya miaka ya 1930, farasi waliangushwa kwa waya zilizofungwa miguuni. Na hata leo, tamko la mwishoni kwamba hakuna mnyama aliyeumizwa huhusu zaidi wakati wa kurekodi, si mafunzo wala usafiri. Lisome kwa makini. Kama hata maigizo yanakuliza, zipo tovuti zinazokueleza mapema iwapo mbwa anakufa.