Dozi ya awamu ya kwanza haikupangwa kwa ajili yako

"Daktari, dozi hii mmeichagua kulingana na hali yangu, sivyo?" Sivyo. Hili naulizwa hata na mgonjwa ambaye fomu yake ya ridhaa imejaa mistari ya kalamu.

Majaribio ya awamu ya kwanza ya dawa mpya za saratani yanatafuta kwanza dozi ambayo mwili unaihimili. Katika utaratibu wa zamani, ambao bado unatumika, wagonjwa 3 huanza na dozi ya chini, kisha tunasubiri mzunguko wa kwanza wa dawa uishe, mara nyingi siku 21 au 28. Wote wakiwa salama, 3 wanaofuata wanapandishiwa. Mmoja akipata madhara makali, tunaongeza wengine 3 kwenye dozi ileile. Wakiwa wawili, tumepita kiasi, tunashuka. Kwa hiyo kiwango chako kinategemea uliingia lini. Wa mwanzo huenda wakapata dozi isiyougusa uvimbe kabisa. Wa mwisho ndio wanaobeba madhara zaidi. Na ule utoaji damu wa kila baada ya saa chache siku ya kwanza unatufundisha dawa inavyokwenda mwilini. Si tiba yako.

Hapo ndipo ninapotajiwa imatinib, dawa ya saratani ya damu. Naam, ilipojaribiwa kuanzia 1998, wagonjwa 53 kati ya 54 wa leukemia sugu ya mieloidi waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, damu yao ilirudi sawa. Lakini ugonjwa ule unaendeshwa na kimeng'enya kimoja, na dawa ilikilenga hichohicho. Saratani nyingi zilizosambaa haziko hivyo. Uchambuzi wa 2005 wa majaribio 460 ya awamu ya kwanza ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ulikuta uvimbe ulipungua au kutoweka kwa takriban asilimia 11 ya wagonjwa. Waliouawa na madhara ya dawa ni kama asilimia 0.5.

"Nitapewa kidonge kitupu." Katika awamu hii, karibu kila mara wote wanapewa dawa yenyewe.

"Nikisaini nimefungwa." Unajitoa siku yoyote, bila kueleza sababu.

"Tiba shufaa ni ya waliokata tamaa." Hili linanichosha! Ni tiba ya kupunguza mateso ya ugonjwa. Anza nayo wiki hiyohiyo unayosaini. Maumivu na kichefuchefu havingoji matokeo ya utafiti.

Na dawa za mitishamba usinitajie kwa mdomo tu, leta chupa zenyewe. Baadhi hubadilisha jinsi ini linavyovunja dawa, nasi tutailaumu dozi bure.